Kadi ya Dhahabu, Chumba cha Ziwani

Kadi yenyewe ni ya plastiki, dhahabu ni jina tu. Niliipata baada ya kulala kwenye hoteli za kampuni moja mara nyingi mpaka mke wangu akaanza maswali. Nikamwambia natafuta pointi. Hakuamini, na simlaumu. Mchezo huu wa kumpa mteja pointi ili arudi tena hoteli ziliuiga kwa mashirika ya ndege ya Marekani miaka ya 1980, kabla sijajua hata kulala kitanda cha peke yangu.

Basi nina ndege ya alfajiri, nikaamua kulala Entebbe. Mapokezi nikaitoa kadi polepole, kama askari kanzu anayetoa kitambulisho. Masharti nimeyahifadhi: mwanachama wa dhahabu hupandishwa chumba bure, nafasi ikiwepo.

"Pole ssebo, leo tumejaa."

Haya. Nikapokea ufunguo.

"Ila," dada akainama kama anauza magendo, "kimebaki kimoja kinatazama ziwa. Ongeza shilingi 90,000 tu."

Mwenye akili angeuliza: kama mmejaa, hicho kimebakije? Mimi niliuliza namba ya kulipia kwa simu. Baadaye rafiki aliyewahi kukaa mapokezi ndiye aliyenifumbua macho: dada wa mapokezi akinipandisha chumba kwa pesa anapata kamisheni, akinipa bure anapata asante.

Chumba kizuri, sikatai. Kitanda cha kulala ukoo. Giza lilishaingia, nikawasha taa zote nipige picha, nikafungua mlango wa roshani hewa ya Nalubaale, yaani Ziwa Victoria, iingie.

Ukaingia moshi. Nikadhani jirani anachoma taka. Moshi ukanitua usoni, ukaanza kutembea.

Wadudu wa ziwani! Mwezi ukiandama hupanda kutoka majini makundi kwa makundi, na taa ndiyo mwaliko wao. Wako watu kandokando ya ziwa wanaowakanda mikate wakala. Mimi niliwala bila kukanda. Shuka nyeupe zikageuka kaniki.

Nikapiga simu nikiwa bafuni, taulo kichwani.

"Ssebo, uliwasha taa mlango ukiwa wazi?" Sauti ya mtu anayebembeleza mtoto.

Wakanihamishia chumba kile kile cha kwanza, kinachotazama jenereta. Na 90,000 zangu?

"Hazirudi, ssebo, ila tumekuongezea pointi 500."

Alfajiri narudisha ufunguo, namkuta mzee aliyeshuka na ndege ya usiku, mkononi kadi kama yangu, dada ameshainama. Mzee akanigeukia.

"Kijana, hicho cha ziwani kizuri?"

"Kizuri sana, mzee," nikasema, huku natoa mdudu sikioni. "Ila ulale gizani."