Italia ya Wapolandi

Ukishika ramani iliyochapwa Poland utaitafuta Italia mpaka uchoke. Pale kwenye lile buti wameandika Włochy, tamka "vwokhi", hiyo kh ni ile ya kheri. Na usimsikilize anayekwambia eti ni sababu Waitaliano wana vinyweleo vingi, neno la nywele kwao ni włos na halina undugu na hili.

Kisa chenyewe ni kitamu kuliko huo utani. Zamani sana Ulaya ya kati kulikuwa na kabila la Wakelti, Volcae, hata Julius Caesar kawataja. Majirani zao Wajerumani wa kale wakachukua jina la hao wakambandikia kila mgeni anayeongea Kikelti, baadae na wa Kilatini pia, wanaisimu wanaliandika walhaz. Ndo hilohilo limezaa Wales, ambako wenyewe wanajiita Cymry wala hawakuulizwa, likazaa Wallonia kule Ubelgiji na Wallachia kule Romania, na Waslavi, ukoo ambao Wapolandi nao wamo, walipolidaka, Wapolandi wakalifanya Włoch, Muitaliano mmoja, wengi wao zamani Włochy, na huo wingi ndo ukabaki kuwa jina la nchi.

Kwa hiyo mtu akiniambia jina la taifa linaonyesha asili ya wenye nalo namwambia apunguze spidi, mara nyingi linaonyesha nani alikuwa jirani wa nani. Wanyamwezi wanalijua hili, jina lao walipewa na watu wa pwani.

Sasa nenda sokoni Warsaw. Mboga za supu zinauzwa fungu moja, karoti, liki, seleri na mizizi ya pasili, na fungu linaitwa włoszczyzna, yaani vitu vya Kiitaliano. Wanasema alizileta malkia Bona Sforza, Muitaliano aliyeolewa na mfalme Zygmunt mwaka 1518. Mi naona hapo chumvi imezidi, kwani kabla yake walikuwa hawali mboga? Ila jina limeshakaa, hata kama karoti zimelimwa hapohapo nje ya mji.

Halafu kuna jozi, zile zenye ganda gumu na ndani kama ubongo. Kipolandi ni orzech włoski, kokwa ya Kiitaliano, na Kiingereza ni walnut, hiyo wal ni walhaz yuleyule, lugha mbili zimelisingizia tunda moja kabila moja la Wakelti, na mti wenyewe Waingereza haohao wakitaka kuwa makini wanauita wa Uajemi.