Chapa nini, bosi?

Kuna watu wanakagua ripoti kwenye PDF kwa kubandika vile vikaratasi vya njano vya komenti kwenye skrini, kisha wanakwambia, "Nimeandika kila kitu humo, chapa urekebishe." Chapa nini, bosi? Nenda steshenari yoyote pale Mwanga, Kigoma, dada achomeke flashi, abonyeze: ukurasa unatoka na kialama kidogo pembeni ya aya, maneno hakuna. Ukurasa wa nne vialama vitatu vimerundikana juu ya jedwali la mavuno ya michikichi, hadi tarakimu zenyewe hazisomeki. Na hela umeshalipa.

PDF ipo tangu 1993, lakini hadi leo maneno ya kikaratasi yanajificha mpaka uyaguse kwa mausi. Karatasi haina mausi! Najua, ndani ya faili kila komenti ina alama ya kuiruhusu ichapwe au isichapwe, na kwenye Acrobat Reader, ile programu ya kusomea PDF, kuna sehemu ya kutoa muhtasari wa komenti zote. Sawa. Sasa mwambie dada wa watu, mwenye foleni ya wanafunzi hadi mlangoni, aanze kuchimbua mipangilio kwa ajili yako peke yako.

Ndugu zangu wakaguzi, chombo cha kuandika moja kwa moja juu ya ukurasa kipo hapo hapo, jirani na hicho kikaratasi mnachokipenda. Ukiandikia chombo hicho, maneno yanaonekana na kwa kawaida yanachapika. Kama nacho kinawashinda, shikeni kalamu nyekundu, ripoti nitaileta mwenyewe ofisini.