Kizazi cha Nne cha Nani?

Juzi, katika harusi ya mpwa wangu hapa Ngamiani, Tanga, ilifunguliwa zawadi ya seti ya visu, vijiko na uma, na ndani ya boksi mlikuwa na kijitabu kilichosimulia jinsi babu mwanzilishi wa karakana huko Sheffield, Uingereza, alivyomrithisha mwanawe, naye akamrithisha wake, hadi kizazi cha nne. Wageni walikisoma kwa sauti kana kwamba ni nasaba ya masharifu. Mimi kilinichefua, kwa kuwa hakikumtaja hata mtu mmoja aliyeshika chuma.

Nakiri, shingo upande, kwamba anayegonga jina la baba yake kwenye kisu huogopa aibu, na chama cha mafundi visu wa mji huo, kilichoanzishwa kisheria mwaka 1624, kilizilinda alama zao kwa ukali. Lakini jina halinoi. Katika karne ya 19 mmoja alifua chuma, mwingine akanoa, mwingine akang'arisha, na wanoaji wengi walilipia wenyewe nafasi yao kwenye jiwe la kunolea, hivyo mwenye jina hakujiona kuwa mwajiri wao. Mnoaji aliketi ametanua miguu juu ya kiti cha mbao, uso wake ukiwa karibu na jiwe linalozunguka. Visu vingi vilinolewa kwa maji. Uma ulinolewa mkavu, na vumbi la jiwe na chuma likaenda moja kwa moja mapafuni, hata madaktari wa mji wakaandika kwamba wanoa uma walikuwa wakifa wangali vijana. Feni za kuvuta vumbi zilikwisha kubuniwa. Miongo ilipita kabla ya sheria kuzidai.

Sisi wa Tanga hatuhitaji kufundishwa hili, kwani waliofanya kazi kwenye brashi za mkonge, mashine za kusugua nyuzi zilizokaushwa, wanakijua kikohozi hicho, na historia za mashamba nazo zimeandikwa kwa majina ya wenye mashamba.

Wanawake waliong'arisha vijiko, wakijifunga magazeti miguuni kuzuia uchafu, hawakupata hata mstari.

Naye Harry Brearley, mtoto wa mfanyakazi wa tanuri la chuma, alipopata mwaka 1913 chuma kisichoshika kutu, mafundi visu wa mji wake mwenyewe walikidharau, wakidai hakifai kwa visu. Kijitabu kinakisifu chuma hicho tangu ukurasa wa kwanza, na sifa zote wamepewa akina babu.