Bei ya gemu: Leeds wanalalamika, Mwanga wanagawana

Hapa Leeds, Uingereza, ninakoishi, kelele za mwaka 2025 kuhusu bei za gemu zilikuwa kubwa kiasi kwamba hata wazazi wasiojua kushika pedi ya kuchezea gemu walizisikia. Nintendo walipotoa mashine yao ya gemu, Switch 2, mwezi Juni, gemu ya Mario Kart World iliuzwa pauni 74.99 kwa toleo la dukani, na mwezi Aprili Sony walikuwa wamepandisha bei ya mashine yao ya PS5 (PlayStation 5), ile isiyosoma diski, hadi pauni 429.99. Zamani mashine ilivyozidi kuzeeka ndivyo bei ilivyoshuka: PS2 iliingia sokoni Marekani kwa dola 299 mwaka 2000, ikafika dola 99 mwaka 2009. Siku hizi inazeeka huku inapanda.

Nawaelewa wanaolalamika, ila siwaungi mkono wote. Kima cha chini cha mshahara hapa, kwa mwenye miaka 21 na kuendelea, kilikuwa pauni 12.21 kwa saa tangu Aprili mwaka huo. Maana yake mfagiaji wa ofisi aliifikia gemu hiyo ya Mario kwa saa sita na ushee, kabla ya makato. Asiyeweza hununua diski iliyokwisha tumika, akaicheza, kisha akaiuza tena. Watengenezaji nao wana hoja, kwa kuwa dola 60 za gemu ya mwaka 2005 zilikuwa na thamani kubwa kuliko dola 80 za gemu ya leo, ingawa hoja hiyo inamfaa tu yule ambaye kipato chake kilipanda pamoja na bei.

Kwetu Mwanga, Kigoma, hesabu ni nyingine. Mwezi Julai 2025 kima cha chini cha watumishi wa umma Tanzania kilipandishwa kutoka shilingi 370,000 hadi 500,000, na bado gemu ya dola 70 ingemeza theluthi nzima ya mshahara huo kabla hujagusa unga wala kodi ya nyumba. Mashine yenyewe ndiyo usiseme, maana hadi ifike Mwanga imeshabeba ushuru, VAT ya asilimia 18 na nauli ya zaidi ya kilomita 1,200 kutoka Dar es Salaam.

Hata hivyo vijana wa Mwanga na Ujiji wanacheza, tena wanawazidi wanangu kwa mbali. Kibanda kilicho jirani na kwetu kina runinga mbili, benchi la mbao, na pedi ambazo mpira wa vijiti vyake umelika ukabadilishwa kwa vipande vya tyubu ya baiskeli. Anayefungwa ndiye anayelipa, na mshindi habanduki kitini hadi apatikane wa kumtoa. Mwenye kibanda alinunua diski moja, na mtaa mzima umemrudishia fedha yake kwa sarafu. (Umeme ukikatika katikati ya mechi, ubishi wa nani alikuwa anaongoza huchukua muda mrefu kuliko mechi yenyewe.)

Ndiyo maana hizo dola 80 hazinitishi sana. Bei, hata ikiwa kubwa, mtaa huigawana. Diski ikiondolewa hakuna cha kugawana. PS5 Pro ilitoka Novemba 2024 bila sehemu ya kuingizia diski, na baadhi ya kadi za gemu za Switch 2 hazina gemu ndani bali ufunguo tu wa kuipakua. Gemu kubwa za sasa nyingi huzidi gigabaiti 100, na kuzishusha kwa bando la simu ni kuchoma fedha. Isitoshe, Tanzania haimo katika orodha ya nchi za duka la mtandaoni la PlayStation, kwa hiyo kijana hulazimika kujiandikisha kana kwamba anaishi kwingine, kisha amtafute ndugu wa ughaibuni mwenye kadi ya benki. Ndugu huyo kwetu ni mimi, na sioni kama huo ni utaratibu wa kumfaa mwenye kibanda anayetafuta riziki.

Kwa hiyo ndugu zangu mnaofungasha mizigo ya kupeleka nyumbani, msivutiwe na mashine nyembamba ya bei nafuu isiyosoma diski. Hata PS4 iliyotumika inafaa zaidi. Gemu ya soka ya EA Sports FC 26 bado ilitolewa kwa ajili yake. Na mkumbuke kuongeza pedi za akiba.