OK Yenu Hiyo Mniondolee

Jamani, aliyetuletea hii OK alikuwa na kinyongo gani na sisi?

Nimemwandikia fundi bomba meseji imeshiba: koki ya jikoni inavuja, maji yanaelekea sebuleni, njoo na spana kabla mama mkwe hajaamka. Akajibu OK. Nikakaa barazani namsubiri mpaka jua likazama. Kumpigia, ananishangaa: "Bosi, si nilikujibu?" Kumbe OK ya fundi maana yake nimesoma. Ya mwenye nyumba, ukimwambia kodi mpaka mwisho wa mwezi, ni kitisho. Ya mke wangu, ikija kavu bila hata kikatuni, ni kesi kabisa. Nikirudi nitakuta chakula kimefunikwa mezani, kimepoa, na mwenyewe kalala kageukia ukutani.

Nikasema ngoja nilichimbe hili neno, nijue ukoo wake. Nilitegemea nikute wafalme au maaskofu huko. Wapi! Ni utani wa waandishi wa magazeti wa Boston, Marekani. Siku hizo walikuwa na mchezo wa kufupisha maneno huku wakiyakosea makusudi. "All correct", yaani yote sahihi, wao wakaigeuza "oll korrect", wakachomoa O na K. Likachapwa kwenye Boston Morning Post tarehe 23 Machi 1839. Sasa nisaidieni: neno la kuthibitisha kwamba yote ni sahihi, na herufi zake zote mbili ni za makosa!

Wenzake wa rika lile, kama OW ya "oll wright", walishajifia. Hili nalo lingezikwa, ila siasa ikalidaka. 1840 Rais Martin Van Buren alikuwa anagombea tena, na kwao ni Kinderhook, jimbo la New York, kwa hiyo wakamwita Old Kinderhook, mzee wa Kinderhook. Chawa wake (kumbe hawakuanza leo) wakaona herufi zimeangukia penyewe, wakaunda klabu za OK. Kura zikahesabiwa, William Henry Harrison akambwaga. Mzee akarudi kwao, neno likagoma kuondoka.

Baadaye kila mtu akajifanya anajua lilikotoka. Rais Woodrow Wilson yeye aliandika "okeh", akiamini ni la Wachoctaw, wenyeji wa Marekani. Ubishi huo ulikuja kukatwa miaka ya 1960 na Allen Walker Read, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyepekua magazeti ya kale mpaka akalifikia lile la Boston. Mwenzenu magazeti ya zamani yamempa jina, sisi ya kwetu tunafungia maandazi.

Lakini hata huyo profesa angeletwa kwenye kundi letu la harusi ya binamu angechemka. Mweka hazina anaandika: ndugu wajumbe, siku zimekwisha, ukumbi haujalipiwa, timizeni ahadi. Zinashuka OK kama zote, na nyingine zina mikono ya kuomba dua. Kwenye simu ya mchango haijaingia hata shilingi. Juzi uzalendo ukamshinda, akapiga marufuku: kuanzia sasa anayejibu OK aambatanishe na muamala.

Mjomba akawa wa kwanza kujibu. Kaweka dole gumba.