Mashahidi wa eksirei: wanastahili kuitwa hivyo?

Kwenye viwanja vya hospitali ya St. Georg mjini Hamburg, Ujerumani, ipo nguzo ya mawe iliyozinduliwa mwaka 1936. Siku hiyo ilikuwa na majina zaidi ya 150 ya madaktari, wanafizikia, mafundi na wauguzi wa mataifa mbalimbali waliouawa na mionzi waliyokuwa wakiifanyia kazi. Baadaye majina yakazidi 350.

Kila tarehe 8 Novemba, Siku ya Kimataifa ya Radiolojia, yaani tiba inayotumia picha za ndani ya mwili, anayetajwa kwanza ni Wilhelm Röntgen, aliyeigundua mionzi ya eksirei tarehe kama hiyo mwaka 1895. Ni haki yake. Hakuchukua hataza, yaani haki ya kuumiliki ugunduzi wake, na fedha za tuzo ya kwanza kabisa ya Nobel ya fizikia, ya mwaka 1901, alikiachia chuo kikuu chake cha Würzburg. Ubishi haupo kwake. Upo kwa wale wa kwenye nguzo: wapo wanaosema kuwaita mashahidi wa sayansi ni kuupamba uzembe.

Hoja yao si ya kubeza. Mwaka 1896 Elihu Thomson, mhandisi wa Marekani, aliweka kidole chake kidogo mbele ya mionzi kwa makusudi, kikaungua, naye akatangaza matokeo. Mwaka 1901 William Rollins, daktari wa meno wa Boston, alionyesha kwamba mionzi inaweza kuua wanyama wa maabara, akashauri bomba la eksirei, lile linalotoa mionzi, lifungwe ndani ya kasha linalozuia mionzi. Wengi hawakumjali. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, wanasema wakosoaji. Tena wanauliza: mbona nguzo ni ya wafanyakazi tu, na wagonjwa walioungua kwenye meza zao je?

Swali hilo la wagonjwa sina jibu lake, na naona ni pengo la kweli. Lakini kwenye uzembe, nadhani wakosoaji wanawapima watu wa mwaka 1900 kwa akili ya leo. Moto ukikuunguza unajua papo hapo. Mionzi haiumi inapopita. Wekundu wa ngozi huja baada ya siku au wiki, na saratani baada ya miaka. Aliyeona mkono wake umepona aliamini yamekwisha. Hata waliokubali kwamba kuna madhara walibishana kuhusu chanzo: wengine walilaumu umeme wa mashine, wengine gesi ya ozoni.

Halafu kuna jambo la mikono, ambalo ndilo hasa linalonifanya niandike. Mabomba ya wakati ule hayakuwa na tabia moja. Leo lina nguvu, kesho limelegea. Fundi alilijaribuje? Aliweka mkono wake mwenyewe kati ya bomba na kioo kinachong'aa kikipigwa na mionzi, akatazama mifupa yake inavyoonekana. Alifanya hivyo kila siku ya kazi, kabla mgonjwa hajaingia. Clarence Dally, msaidizi wa mvumbuzi wa Marekani Thomas Edison, alifanya kazi ya namna hiyo hadi akakatwa mikono yote miwili, akafa mwaka 1904 akiwa na umri wa miaka 39. Edison mwenyewe aliogopa, akaachana na eksirei. Kumwambia Dally kwamba alikuwa mzembe ni kusahau kwamba mkono ulikuwa kifaa cha kazi, na kifaa kingine cha kufanya kazi hiyo kilikuwa hakijaenea bado.

Tena mwili haukuishia kuwa kifaa cha kujaribia mabomba. Kwa miaka mingi wataalamu walikadiria kiasi cha mionzi kwa kutazama ngozi: kiasi kinachotosha kuifanya iwe nyekundu kilikuwa ndicho kipimo. Mwaka 1924, mwanafizikia Arthur Mutscheller alipopendekeza kikomo cha usalama kwa wafanyakazi, alikitaja kwa lugha hiyohiyo ya ngozi: sehemu moja ya mia ya kiasi hicho, kwa siku 30. Kipimo cha kimataifa kilichobeba jina la Röntgen kilikuja mwaka 1928, kwenye mkutano wa Stockholm uliounda pia kamati ya kimataifa ya kinga dhidi ya mionzi. Fikra ya kikomo ilikuwa imekwisha kuzaliwa, na iliandikwa kwa ngozi za watu kabla ya kuandikwa kwa namba. Beji ya kupimia mionzi anayovaa mpiga picha za eksirei leo kifuani imetoka katika ukoo huo.

Kiswahili kinanisaidia hapa. Shahidi ni aliyekufa kwa ajili ya jambo, na shahidi ni yule anayesimama kusema alichokiona. Wakosoaji wanapinga maana ya kwanza, na wakitaka niwaachie, nitawaachia. Ni kweli wengi wao hawakuchagua kufa. Maana ya pili hawawezi kuwanyima. Mihran Kassabian, daktari wa Philadelphia, alipoona mikono yake inaharibika hakuificha. Aliipiga picha na kuandika mabadiliko yake ili wenzake wajue kinachowasubiri. Saratani ilimuua mwaka 1910, na picha za mikono hiyo zingalipo.