Sheria za biashara zilitangulia kodi ya chai
Mwandishi wa makala ninayoijibu anasema makoloni ya Uingereza huko Marekani yaliichukia nchi hiyo kwa sababu ya kodi ya chai, lakini ameruka zaidi ya miaka 100 ya dhuluma iliyotangulia. Tangu sheria ya mwaka 1660, tumbaku ya Virginia, mojawapo ya makoloni hayo, haikuruhusiwa kuuzwa moja kwa moja Ufaransa wala Uholanzi; ilibidi ipelekwe kwanza Uingereza na kulipiwa ushuru, ndipo wafanyabiashara wa London waiuze tena Ulaya kwa faida yao. Sheria ya mwaka 1750 ilikuwa ya wazi zaidi: chuma ghafi cha makoloni kiliingia Uingereza bila ushuru, ilhali kujenga tanuri jipya la chuma cha pua huko huko kilikochimbwa kulipigwa marufuku, ili viwanda vya Uingereza visipate mshindani.